Mashini Haidanganyi Peke Yake

Watu wawili wa ordinatere, nyumba moja kubwa ya feza kule New York, na fundisho kwa vijana wetu wanaosomea informatiki

Kila muchimbaji wa Kolwezi ao wa Likasi anajua ile saa. Umetoka na mifuko yako tangu kwenye shimo, umelipa pikipiki, umefika kwenye depo. Wanaweka mifuko juu ya mizani. Halafu kijana mumoja anakuja na mashini ndogo mu mukono, anaigusisha kwenye mawe, namba inaonekana. Hii njo tenere, ni kusema kipimo cha madini yenye kuwa ndani ya mawe. Juu ya namba ile njo watakulipa. Ukiuliza, wanakujibu: "Mashini njo imesema, si mimi." Unarudia nyumbani na makuta kidogo, na bibi yako anakuuliza: "Mbona ni hii tu?"

Wachimbaji wetu wamelalamika miaka mingi juu ya zile mizani na zile mashini. Na wako na haki ya kuuliza. Mashini haina njaa, haina deni, haina watoto wa kulipia masomo. Inasema tu kile mutu aliipanga iseme. Kama inadanganya, kuko mutu nyuma yake.

Leo, katika makanisa yetu, vijana wengi wanasomea informatiki. Wazazi wanajinyima, mama anauzisha unga kwenye soko, yaya anatoa sehemu ya mushahara wake, ili mutoto amalize masomo. Na yule mutoto anataka nini? Anataka kutumika mu banki, ao mu kampuni ya M-Pesa ao Airtel Money, ao mu biro ya kupanga mishahara ya kampuni ya madini. Ni kazi nzuri. Iko na heshima, iko na mushahara, haichafui nguo. Lakini, vijana wetu, ile kazi pia iko na shimo lake. Na mutu anaingia ndani ya shimo lile polepole, bila kufungwa kamba, bila mwenzake wa juu wa kumuvuta.

Kwa hiyo mwezi huu tunawaelezea habari ya watu wawili wa kazi hii. Majina yao ni Jerome O'Hara na George Perez. Habari yao ilisikiwa wazi mbele ya tribinali ya New York, katika Marekani, njo maana tunaweza kuieleza pasipo kumusengenya mutu.

Kazi yenye kila kijana angetamani

O'Hara aliingia kazini mwaka 1990. Perez akamufuata mwaka 1991. Nyumba yenye iliwaandika kazi iliitwa Bernard L. Madoff Investment Securities. Bwana Madoff aliianzisha mwaka 1960, na wakati wale vijana wanaingia, jina lake lilikuwa kubwa sana. Alikuwa mwenyekiti wa Nasdaq, moja ya masoko makubwa ya hisa ya Marekani. Hisa ni sehemu ndogo ya kampuni, yenye mutu anaweza kununua na kuuzisha. Tena Madoff alikuwa kati ya watu wa kwanza wenye walitia nguvu ili hisa ziuzishwe kwa njia ya ordinatere, badala ya watu kupigiana kelele sokoni. Kwa mutu wa informatiki, kutumika pale ilikuwa sawa vile mwana wa Likasi zamani kuandikwa kazi kwenye Gécamines: jamaa yote inafurahi.

Biro zilikuwa katika jengo refu la mu New York, na nyumba ya Madoff ilishika etaje tatu: 17, 18 na 19. Kwenye etaje ya 19 watu walinunua na kuuzisha hisa kweli kweli. Etaje ya 17 ilikuwa na kazi ingine. Pale njo waliandika hesabu za watu wenye walimupa Madoff feza zao ili awanunulie hisa na kuwazalishia faida.

Kila kazi ilikuwa na ordinatere yake. Ile ya biashara ya kweli waliita House 5. Ile ya etaje ya 17 waliita House 17. Ilikuwa mashini ya IBM, aina ya AS/400, yenye nguvu kwa kazi ya hesabu. O'Hara na Perez walikuwa wanaandika programu za House 17. Programu ni nini? Ni maagizo, mustari kwa mustari, yenye kuambia ordinatere: chukua hii, zidisha na ile, andika hapa, chapa kwenye karatasi.

Sasa sikieni vizuri. House 5 ilikuwa inaongea na masoko. House 17 haikuongea na soko lolote. Haikutuma agizo hata moja la kununua. Ilichapa tu karatasi.

Faida bila biashara

Ukweli ni huu: kwa miaka mingi Madoff hakuwanunulia wale watu hisa. Feza zao ziliingia katika konti ya banki na kukaa pale. Mutu akiomba faida yake, alilipwa kwa feza za mutu mwingine mwenye ameingia nyuma. Uongo wa namna hii wanauita jina la Charles Ponzi, mwenye aliufanya kule Boston mwaka 1920.

Katika inchi yetu hatuna lazima ya kumusikia Ponzi ili tuelewe. Wazee wetu wanakumbuka Bindo, kule Kinshasa. Watu waliweka feza, wa kwanza wakarudishiwa na nyongeza kubwa, kila mutu akakimbia kuingiza zake. Mwaka 1991 ikaanguka, na wengi wakapoteza vyote. Sisi wenye tulikuwa watoto wakati ule tulisikia wakubwa wakitaja lile jina kwa uchungu.

Lakini Bindo na Madoff wako na tofauti. Bindo iliahidi faida kubwa sana, na kwa haraka. Madoff alikuwa na akili zaidi. Yeye alionyesha faida ya kadiri tu, karibu sehemu 10 ao 12 juu ya mia kwa mwaka, lakini kila mwaka, soko lipande ao lishuke. Watu hawakuogopa, kwa sababu haikuonekana kuwa tamaa. Ilionekana kuwa hekima. Wazee wenye kupata pensheni wakaingia. Vyama vya kusaidia masikini vikaingia. Hata chama cha Elie Wiesel, yule muandishi mwenye alipona katika kambi za Wanazi na akapewa Zawadi ya Nobel ya Amani mwaka 1986, kiliingiza feza zake. Kikapoteza karibu dola milioni 15.

Ginsi ordinatere ilifundishwa kudanganya

Namna gani mutu anaweza kuonyesha faida ya kila mwezi bila kununua kitu? Kwa kuangalia nyuma. Frank DiPascali, mukubwa wa kazi ya etaje ya 17, na wenzake walikuwa wanatazama bei za siku zenye zimekwisha kupita. Wanachagua siku yenye hisa ilikuwa chini, wanasema: "Siku hii tulinunua." Wanachagua siku yenye ilipanda, wanasema: "Siku hii tuliuzisha." Ni sawa vile mutu mwenye anasubiri mupira wa TP Mazembe umalizike, halafu anaandika matokeo na kusema alikuwa ameyajua tangu jana.

Lakini wateja walikuwa maelfu. Mutu hawezi kuandika mikanda yote ile kwa mukono kila mwezi. Njo pale ordinatere ilikuwa ya lazima. Programu zilichukua ile biashara ya kuwazawaza, zikaigawanya kwa kila mteja kulingana na feza zake, zikachapa mukanda wenye jina, tarehe, bei na hesabu sawasawa. Mikanda ikatumwa kwa posta. Mteja anafungua barua, anaona namba zimepangwa vizuri, anafurahi. Nani angekuwa na mashaka juu ya namba zenye zimetoka mu mashini?

Kisha wakaguzi wakaanza kuuliza. Serikali ya Marekani iko na ofisi ya kuchunga masoko ya hisa, inaitwa SEC. Tangu mwaka 2000 mutu mumoja wa hesabu, Harry Markopolos, alikuwa anaipelekea maonyo kama faida ya Madoff haiwezekani. SEC ikatuma watu kuuliza maswali, na wakaguzi wa wateja wakubwa nao wakafika. Hawa hawakutaka mukanda wa mteja tu. Walitaka kuona kila agizo: lilitolewa saa gani, hisa ngapi, zilinunuliwa kwa nani.

Vitu vile havikukuwako. Ilikuwa lazima kuvitengeneza. O'Hara na Perez wakaandika programu zingine za pekee. Ordinatere ikachagua saa kwa bahati, sawa mutu anayetupa kete. Ikachagua hesabu ya hisa kwa bahati. Ikagawanya agizo kubwa kuwa madogo madogo, ili yafanane na biashara ya kweli. Wakatengeneza hata karatasi zenye kufanana na zile za DTC. DTC ni sawa ghala kubwa la Marekani lenye kuchunga hisa za watu na kuandika nani ana nini.

Mbele ya tribinali DiPascali alieleza jambo moja la kuchekesha na la kuhuzunisha. Siku moja mukaguzi aliomba kitabu cha hesabu cha zamani. Wakakichapa palepale. Lakini karatasi zilitoka katika mashini zikiwa za moto, na zilionekana mupya. Wakaziweka katika frigo zipoe, kisha wakarushiana kile kitabu sawa mupira, ili kichakae kidogo na kuonekana cha siku mingi. Watu wazima, wenye elimu, wenye mishahara mikubwa, wanapoza karatasi katika frigo! Uongo unamufanya mutu mwenye heshima kuwa mutoto.

Mwaka 2006: siku ya kusema hapana

Wandugu, sasa tunafika kwenye fundo la habari hii.

Mwaka 2006 O'Hara na Perez walichoka. Ama zamiri iliwachoma, ama waliona wakaguzi wanakaribia, ama vyote viwili. Wakafanya mambo matatu.

La kwanza, walijaribu kufuta zile programu za pekee kutoka House 17. Zilikuwa karibu 225, wakafuta karibu 218. Lakini kila mwezi ordinatere ilikuwa inaandika kopi ya vyote juu ya kanda za kuchunga, na zile kanda hawakuzigusa.

La pili, wao wenyewe walikuwa na feza katika nyumba ile. Wakazitosha: mamia ya maelfu ya dola kwa kila mumoja.

La tatu, wakaingia kwa Madoff na kumwambia kama hawataendelea. Kwenye karatasi yenye O'Hara aliandika kwa mukono wake mulikuwa maneno ya namna hii: sitasema uongo tena, mara ingine nitajibu, mwulize Frank.

Hapo mutu anataka kupiga makofi. Wamesema hapana kwa mukubwa mwenye jina katika inchi yote! Lakini ngojeni.

Madoff alimwambia DiPascali awape kiasi cha feza chenye watataka, ili wanyamaze. Na wale wawili wakaitika. Wakaomba mushahara uongezwe karibu robo moja, na zawadi ya mara moja, zaidi ya dola 60 000 kwa kila mutu. Wakapewa. Kisha wakatengeneza programu kwa namna ingine, ili DiPascali na watu wake waweze kuchapa zile karatasi za uongo bila wao kuweko.

Munaelewa vile ilitendeka? Walitosha mikono yao ndani ya chungu, lakini wakaacha mwiko kwa mwenzao, na wakalipwa kwa kunyamaza. Walisema hapana kwa mudomo, na ndiyo kwa mufuko. Hapana yenye inauzishwa si hapana tena. Ni bei tu.

Na wenye kuwa nje waliendelea kuingiza feza zao. Kila mwezi wa 2006, wa 2007, wa 2008, kuko mujane ao muzee mwenye alipeleka akiba yake ya mwisho kule, wakati watu wawili walijua kama karatasi ni za bure. Hii njo bei ya kweli ya ile zawadi.

Mwisho wake

Mwaka huohuo 2006 SEC ilimuita Madoff kwa kumuuliza maswali, naye akawapa namba ya konti yake ya DTC. Nyuma, alipokuwa mufungwa, alieleza kama siku ile alizani mambo yamekwisha. Kupiga simu moja kwa DTC kungetosha. Lakini wale wakaguzi hawakuuliza kule. Uongo ukaishi miaka miwili zaidi.

Ulianguka katika Desemba 2008. Masoko ya feza ya dunia yalikuwa yanatetemeka, wateja wakaomba kurudishiwa karibu dola miliari 7, na feza hazikukuwako. Madoff akawaambia watoto wake wawili wanaume kama kila kitu kilikuwa uongo. Wao wakamushitaki kwa serikali. Akakamatwa tarehe 11 Desemba 2008. Katika Machi 2009 alikubali makosa 11. Katika Juni akahukumiwa miaka 150 ya kifungo, na alikufa gerezani katika Aprili 2021, akiwa na miaka 82.

Mikanda ya mwisho, ile ya Novemba 2008, ilionyesha kama wateja wako na karibu dola miliari 65. Ilikuwa namba tu kwenye karatasi. Feza za kweli zenye watu waliingiza na kupoteza zilihesabiwa karibu miliari 17 na nusu. Avoka mumoja, Irving Picard, alipewa kazi ya kuzitafuta, na amerudisha zaidi ya miliari 14. Nyingi zilitoka kwa wale wenye walikuwa wametosha zaidi ya kile waliingiza. Lakini miaka ilipita, na wazee wengine walikufa mbele ya kuona kitu.

Na wale wawili wa ordinatere? Walikamatwa tarehe 13 Novemba 2009. Tribinali ilianza kusikia mambo yao katika Oktoba 2013, pamoja na wafanyakazi wengine watatu. Walijitetea kama wao waliandika tu kile wakubwa waliomba, na hawakujua kusudi lake. Tarehe 24 Machi 2014 raia wenye walichaguliwa kuamua neno hili waliwaona kuwa na makosa. Katika Desemba 2014 kila mumoja akahukumiwa miaka miwili na nusu.

Na kitu gani kilisaidia kuwashitaki? Ile karatasi ya O'Hara, yenye maneno ya kukatala, ilisomwa kama ushuhuda juu yao, kwa sababu ilionyesha kama walijua. Hapana yao ya nusu haikuwaponya. Iliwafunga.

Kijana wa banki ya kwetu

Kijana mumoja anaweza kusema: "Muchungaji, haya ni mambo ya Wazungu na mamiliari. Mimi natafuta tu kazi ndogo kwenye banki." Ndugu yangu, haikuanza na miliari kwa wale pia. Ilianza na mukubwa mwenye kusema: "Tengeneza ile karatasi, badilisha ile tarehe, ni kitu kidogo."

Kwetu itakuja namna ingine. Mukubwa wa biro atakuomba neno lako la siri, kwa sababu lake "limekatala leo". Baba mudogo atakuuliza kama bwana fulani ako na feza ngapi mu konti. Mutu atakuomba uingize jina moja mu liste ya mishahara, jina la mutu asiyeonekana kazini. Na muyomba mwenye alikulipia masomo atasema: "Tulikusomesha juu ya nini, kama huwezi kutusaidia?" Hili njo jaribu gumu kuliko yote, kwa sababu linakuja na sura ya shukrani.

Basi, shikeni haya:

1. Katala mara ya kwanza. Mara ya kwanza utapoteza urafiki wa mukubwa. Mara ya kumi utapoteza uhuru wako, kwa sababu mara tisa za mbele zitakushitaki.

2. Neno la siri ni sawa mukono wako. Yenye itafanywa kwa neno lako la siri, ordinatere itaandika kama ni wewe ulifanya. Usimupe mutu, hata rafiki wa kanisa.

3. Heshimu sheria ya watu wawili. Katika banki nzuri, mumoja anaingiza feza mu mashini, mwingine anahakikisha. Mukubwa akikuambia ufanye yote mawili peke yako "ili tuende haraka", uliza sababu.

4. Omba agizo kwa maandiko. Agizo zuri haliogopi karatasi. Mwenye kukuambia "usiandike, fanya tu" amekwisha kukujibu.

5. Uliza: nani atasoma karatasi hii, na atafikiri nini? Kama kazi yake ni kumufanya mukaguzi aamini kitu chenye hakikukuwako, hiyo si informatiki tena. Ni wizi.

6. Ukisema hapana, iseme yote. Usipokee zawadi ya kunyamaza. Usimufundishe mwingine kufanya ile uliyokatala. Usifute ushuhuda. Tafuta mutu wa sheria mwenye unaamini, ueleze mambo yakiwa mazima.

Siwadanganyi: kufanya hivi kunaweza kukosesha mutu kazi. Markopolos alisema tangu 2000, na hawakumusikia mupaka 2008. Katika inchi yetu, mutu mwenye kusema ukweli anaweza kukaa nyumbani miezi mingi, na watoto wanaomba chakula. Kwa hiyo wazazi na wandugu, hapa pako sehemu yenu. Mutoto akirudia nyumbani na kusema, "Nimeacha kazi kwa sababu walitaka niandike uongo," musimucheke. Musimwambie kama wengine wanafanya. Mumupikie bukari, mumuketishe, mumusikilize. Jamaa yenye inapokea mwana wake siku ile inamupa nguvu yenye banki haiwezi kumupa. Na kanisa pia liangalie: tuko tayari kumusaidia kijana wa namna ile kwa unga na kodi ya nyumba, ao tunamupa mahubiri tu?

Turudie kwenye depo, kwenye mizani. Siku moja mutoto wa muchimbaji, mwenye baba yake alilipwa nusu kwa sababu ya namba ya uongo, ataketi mbele ya ordinatere. Watamwambia abadilishe namba moja tu. Mutu mwenye namba ile itamuibia hatakuwa mbele yake. Hatamuona uso, hatasikia jina lake. Siku ile akumbuke mifuko ya baba yake juu ya mizani.

Kwa kuzungumuza nyumbani

Wazazi: tumekwisha kumuomba mutoto wetu ao ndugu yetu atumie kazi yake kwa kutufanyia kitu chenye si haki? Tulimuomba nini?

Vijana: O'Hara na Perez wangefanya nini mwaka 2006 ili hapana yao iwe hapana kweli? Ingewapotezea nini? Ingewaponya na nini?

Wote: mutu akituahidi faida kila mwezi bila kukosa, tutamuuliza maswali gani mbele ya kutosha feza zetu?